Ukakasi wa mvinyo wa Douro: usiuhukumu kabla nyama haijafika mezani

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Lushoto, anayeishi Porto na mumewe Mreno. Ameandika hivi:

"Baba mkwe wangu ni mtu wa upande wa Lamego. Krismasi alituletea chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Douro wa mwaka 2017. Wiki iliyopita mume wangu alifungua moja jioni, tukanywa hivihivi tukitazama televisheni. Mdomo ulinikauka, meno yakawa kama yamepakwa chokaa, na kooni nikahisi uchungu. Mimi nimezoea mvinyo mtamu wa Dodoma. Je, chupa ile ilikuwa imeharibika? Pasaka wakwe wote wanakuja kwangu, tutakuwa watu wanane, na nataka kupika chakula cha nyumbani: mbuzi, pilau, kachumbari, labda na samaki wa nazi. Najua baba mkwe atataka kuiona ile chupa ya pili mezani. Nifanyeje nisiaibike? Rafiki yangu wa Mombasa atakuwepo pia, na yeye hanywi pombe."

Dada yangu, hongera kwa kuwaalika wakwe nyumbani kwako, na kuhusu ile chupa ondoa hofu. Haikuharibika. Mvinyo ulioharibika hujulikana kwa pua kabla haujafika ulimini. Ukinusa kadibodi iliyonyeshewa, au ukuta wa chumba kilichofungwa masika yote, ujue kizibo kimeuambukiza. Ukinusa siki, hewa imeingia ikauchachusha. Ukiuona umegeuka rangi ya kahawia na unanuka kama tufaha lililopondeka, umezeeka kabla ya wakati wake. Katika barua yako hukutaja hata dalili moja ya hizo.

Ulichokihisi kina jina zuri la Kiswahili: ukakasi. Ni uleule wa bibo la korosho, wa ndizi mbichi, wa zambarau zilizochumwa kabla hazijaiva sawasawa. Nakushauri uzikumbuke hizo zambarau, maana zinakaribia kabisa tinto ya Douro, yaani mvinyo mwekundu wa bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno: rangi ileile inayobaki kwenye ulimi, uchachu kidogo, utamu wa tunda kwa mbali, na ule ukavu unaokufanya ulambe midomo. Watu wengi huuita uchungu kwa sababu hawajazoea kuutenganisha. Uchungu ni ladha, unausikia kama wa shubiri au kahawa. Ukakasi ni mguso, unausikia kwenye ufizi na upande wa ndani wa mashavu, mahali ambapo ulimi ulikuwa unateleza na sasa hautelezi tena.

Chanzo chake ni kitu kinachoitwa tanini, kilichomo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Kimo pia kwenye majani ya chai. Acha chai ya rangi ichemke robo saa na majani yake, uinywe bila sukari, utamtambua ndugu wa ule mvinyo wako. Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini ikiingia huzikamata protini hizo, zikagandana, na utelezi ukaondoka. Ndiyo hiyo chokaa uliyoihisi kwenye meno. Sasa kipe kinywa hichohicho kipande cha nyama yenye mafuta na chumvi. Tanini inapata protini nyingine za kushikana nazo, mafuta yanaurudishia ulimi utelezi, chumvi inaupunguza uchungu. Mvinyo ambao ulikuwa umefunga unafunguka, na lile tunda lililokuwa limejificha linatokea mbele.

Wareno husema kwa maneno matatu: *vinho pede comida*, mvinyo huomba chakula. Nyinyi mliunyima. Na wewe uliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma, ule watu wanaouita dompo, ulikuwa na sababu ya pili ya kushtuka, maana sukari huufunika ukakasi kama inavyofunika ukali wa chai. Katika tinto ya Douro sukari ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kileo, asilimia 13 na nusu, 14, wakati mwingine zaidi, na haikubaki ya kufunika chochote.

Kabla ya Pasaka fanya jaribio moja, usingoje wageni. Nunua chupa ya kawaida ya Douro dukani. Mimina vidole viwili kwenye glasi, onja peke yake, usikilize mdomo. Kisha kaanga kipande kidogo cha mbuzi chenye mafuta, kitie chumvi, kitafune, na kabla hujamaliza kumeza, piga funda la pili. Halafu tafuna kitu kitamu, hata kaimati, uonje tena: mvinyo utageuka mchachu na mwembamba kana kwamba umetiwa maji na ndimu. Mwisho gusa pilipili kali, uonje mara ya nne. Hapo moto utawaka mara mbili, kwa sababu kileo huuchochea, na ukakasi utarudi ukiwa umekasirika. Dakika kumi hizo zitakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote, na menyu yako ya Pasaka utaweza kuipanga mwenyewe.

Nikuambie pia kwa nini mvinyo wa huko kwa baba mkwe una ukakasi mwingi namna hiyo, maana ukilijua hilo mtakuwa na la kuzungumza naye. Siku moja panda treni pale stesheni ya São Bento uende mpaka Pinhão, ndani ya bonde la Douro, safari ya kama saa mbili na nusu, ukae upande wa mto. Wewe mtu wa Usambara utaona kitu unachokijua: milima iliyokatwa matuta kutoka chini mpaka juu, na watu wanaolima kwa kuinama kwenye mteremko. Tofauti ni udongo. Huko karibu hakuna udongo wenyewe, kuna jiwe la tabaka-tabaka ambalo Wareno huliita *xisto*, linalopasuka kama kurasa za kitabu kilicholoa kikakauka. Mizizi ya mzabibu hupenya kwenye hizo nyufa na kwenda chini mita nyingi kutafuta maji. Mlima Marão unazuia mawingu ya Atlantiki, kwa hiyo kadiri unavyopanda mto kuelekea Hispania ndivyo mvua inavyopungua. Wenyewe husema hali ya hewa yao ni miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Mzabibu uliokosa maji huzaa zabibu ndogo, na zabibu ndogo ina ganda jingi ukilinganisha na juisi yake. Ganda ndiko rangi iliko, ndiko tanini iliko. Mwaka 2017 ulikuwa wa ukame na joto hata kwa kipimo cha Douro, na mavuno yalianza mapema kuliko kawaida. Chupa yako imetoka katika mwaka huo. Imebeba jua lote lile.

Zabibu zenyewe huenda ni mchanganyiko. Huko tangu zamani walipanda aina nyingi shamba moja, na katika mashamba ya mizabibu mikongwe unaweza kukuta aina thelathini zimechanganyika. Utakazosikia zaidi ni Touriga Nacional, Touriga Franca na Tinta Roriz, ambayo ndiyo Tempranillo ya Wahispania na ukienda Alentejo inaitwa Aragonez. Touriga Nacional huleta harufu ya maua na rangi nzito. Touriga Franca ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko zote, na huleta tunda. Tinta Roriz hukaza uti wa mgongo.

Niliwahi kushiriki mavuno karibu na Pinhão, na jioni ya siku ya pili nikaingia kwenye *lagar*, yaani birika pana la mawe ambamo zabibu hukanyagwa. Tulikuwa watu kama ishirini, tumeshikana mabega kwa safu, tunakwenda mbele hatua kwa hatua huku mmoja akihesabu mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Zabibu zilifika juu ya magoti, juu zina baridi na chini zimeanza kupata joto kwa sababu ya kuchachuka. Saa mbili nzima hakuna kuzungumza, ila yule anayehesabu. Kisha akapaza sauti kwamba sasa ni uhuru, kodiani ikaanza, safu zikavunjika, watu wakacheza ndani ya birika. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinieleza jambo ambalo sijalisahau: unyayo wa mtu hupasua ganda lakini hauivunji kokwa, na kokwa ikivunjika ndipo uchungu mbaya unapotoka. Siku hizi mashine hufanya kazi hiyo sehemu nyingi, na nyingine zimetengenezwa ziige unyayo. Tulipotoka tukapewa supu, mkate wa mahindi, nyama ya chumvi na mvinyo wa mwaka uliotangulia. Mvinyo ule ule ambao mchana niliuonja nikaukunjia uso, usiku ule na nyama ile nilimaliza glasi nikaomba nyingine.

Ujue pia kwamba kwa watu wa umri wa baba mkwe, tinto kutiwa kwenye chupa ya heshima si jambo la zamani sana. Mpaka wa eneo la mvinyo la Douro uliwekwa mwaka 1756 wakati wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ukawekewa nguzo za mawe, lakini sifa yote ilikwenda kwenye mvinyo wa Porto, ule mtamu unaoongezewa kileo. Tinto ya kawaida ilibaki ya nyumbani, ya jagi na ya wafanyakazi. Mwaka 1952 Fernando Nicolau de Almeida alitengeneza Barca Velha ya kwanza, akaonyesha kwamba zabibu hizohizo zinaweza kutoa mvinyo mkavu wa kukaa miaka na miaka. Hata hivyo ilichukua miongo kadhaa kabla wengine hawajamfuata kwa wingi. Kwa hiyo baba mkwe akikuletea chupa mbili za kwao, ametoa kitu anachojivunia. Una haki ya kutaka kukipokea vizuri.

Sasa chupa yenyewe. Jumamosi isimamishe wima. Mvinyo wa umri huo huenda umeanza kuacha mashapo, na ukiilaza mpaka dakika ya mwisho yatachanganyika na kuutia uchungu wa vumbi. Jumapili, saa moja na nusu kabla ya kula, itoe kizibo. Wengi huishia hapo wakidhani mvinyo "unapumua", kumbe mdomo wa chupa ni mdogo kama sarafu na hewa inayoingia ni kidogo mno. Umimine polepole kwenye jagi safi la kioo, mwanga ukiwa nyuma ya shingo ya chupa, na uache pale unapoona uzi mweusi wa mashapo unakaribia. Jagi lisinuke sabuni wala juisi ya jana.

(Hapa nitoke nje kidogo, kwa sababu jambo hili hunifurahisha kila ninapofungua chupa ya Kireno. Neno mvinyo limetoka kwao, *vinho*. Pipa ni *pipa* yao, na mpaka leo Douro wanapima mvinyo kwa pipa la lita 550. Meza ni *mesa*, kopo ni *copo*, na parafujo, kitu kilekile kilicho kwenye kizibuo chako, ni *parafuso*. Sisi nao wakatuchukulia neno pilipili wakalifanya *piri-piri*. Mwambie hayo baba mkwe akiwa ameshika glasi, uone uso wake.)

Jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote ni joto la mvinyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika mgahawa ambao rafu ya chupa ilikuwa juu ya oveni, nilimpelekea mzee mmoja tinto nzuri mwezi wa Agosti. Alinusa, akaiweka glasi chini, akaomba ndoo ya barafu. Niliona kama ameudharau mvinyo na ameidharau kazi yangu. Akaniomba nionje pale pale, kisha nirudi nionje tena baada ya dakika kumi za barafu. Mara ya kwanza nilisikia kileo kinachochoma pua, basi. Mara ya pili nilisikia tunda, maua, na kitu kama majani makavu. Tangu siku hiyo sijapeleka tinto mezani bila kushika chupa kwanza. Kipimo chake ni nyuzi 16 mpaka 18. Jikoni kwako siku ya Pasaka, oveni ikiwa imewaka tangu asubuhi, patakuwa na zaidi ya 22. Kwa hiyo iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua, bado ikiwa wima. Ukiishika iwe na ubaridi kama wa ukuta wa msikiti au kanisa la zamani, isiwe na baridi ya soda. Ikizidi baridi, ukakasi utaongezeka.

Kuonja si ibada, lakini kuna mpangilio unaosaidia. Jaza glasi theluthi tu. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe uangalie ukingo: mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau, unaoanza kukomaa huelekea wekundu wa tofali. Kisha nusa bila kutikisa, nusa tena baada ya kuzungusha. Mara ya pili usitafute kutaja matunda ya Ulaya ambayo hukukua nayo, taja yale unayoyajua. Mimi katika tinto ya Douro husikia zambarau, zabibu kavu za ndani ya biriani, na ngozi mpya ya kiatu. Mara nyingi husikia pia kitu kama ubani. Hicho kina sababu yake: kwenye vilima vya Douro huota kichaka kinachoitwa *esteva*, chenye majani yanayonata utomvu wenye harufu nzito, na siku ya jua bonde lote hunukia hivyo. Watu wa kule hulitaja jina la kichaka hicho wanapousifu mvinyo wao. Ukisikia karafuu, hujakosea pia. Kiini cha harufu ya karafuu, kinachoitwa eujenoli, kimo ndani ya mbao za mwaloni zinazotengenezea mapipa. Halafu piga funda dogo, lizungushe mdomoni mpaka liguse ufizi, vuta hewa kidogo, meza, na uhesabu muda ambao ladha inabaki. Ikibaki mpaka unasahau kuhesabu, ni mvinyo mzuri.

Twende kwenye sufuria. Mbuzi umechagua vizuri sana, labda bila kujua. Kaskazini mwa Ureno chakula chenyewe cha Jumapili ya Pasaka ni *cabrito assado*, mwanambuzi wa kuoka, na mara nyingi wali huokwa chini yake ukinyonya mafuta na mchuzi unaodondoka. Kwa hiyo pilau yako haitakuwa ngeni kwenye meza hiyo, itakaa mahali ambapo wali huo hukaa kwao. Agiza nyama mapema, maana wiki hiyo mbuzi wachanga huisha buchani. Ipake kitunguu saumu kilichotwangwa na chumvi ya mawe, majani ya bei (*louro* ya Wareno), mafuta ya zeituni na ndimu kidogo, ilale usiku mzima, kisha uioke polepole na mwishoni uuongeze moto mpaka ngozi iwe rangi ya kahawia na kuvunjika. Ile sehemu iliyokauka kwa moto ndiyo rafiki mkubwa wa tanini. Nyama ya kuchemsha, nyeupe, isiyo na mafuta, haitausaidia mvinyo huu hata kidogo.

Pilau ipike kama ulivyofundishwa, ukiweka mkono mzito kwenye bizari nyembamba, mdalasini na karafuu, na vitunguu vikaange mpaka viwe vyeusi-vyekundu. Karafuu ya sufuriani itasalimiana na ile ya kwenye pipa. Usiweke zabibu kavu wala sukari, na pilipili manga weka kiasi. Pilipili mbichi isiingie kwenye sufuria kabisa. Iweke kwenye kibakuli chake, anayetaka ajihudumie, naye awe na glasi ya maji karibu. Najua kachumbari bila pilipili huonekana pungufu, ila mvinyo ukikutana nayo utaonekana mkali na mtupu. Vitunguu vya kachumbari vioshe kwa chumvi mara mbili, ndimu ipunguze nusu, na juu nyunyiza mafuta ya zeituni kijiko kimoja. Achari ya ndimu na ya embe ziache kabatini siku hiyo.

Samaki wa nazi mhamishie Ijumaa Kuu. Tinto ina chembe za madini ya chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki hutoa ladha kama ya kulamba msumari, nayo nazi kwa utamu wake itaufanya mvinyo uonekane mchachu. Kwa samaki huyo tafuta Alvarinho ya Monção e Melgaço, au Encruzado ya Dão, vyote vyeupe. Utawaona Wareno wakinywa tinto na bakalhau, yaani samaki mkavu wa chumvi, ushangae, na ukiwauliza watakuambia kwamba bakalhau si samaki, ni bakalhau. Wana hoja: ile ni nyama ngumu ya chumvi inayoogelea kwenye mafuta ya zeituni, haina mafuta mengi yake yenyewe, na chumvi na mafuta ndivyo tinto inavyovipenda.

Rafiki yako wa Mombasa mfikirie tangu mwanzo, asije akakaa na sahani tupu. Mapishi ya Kireno ya mbuzi yana mitego miwili: hummwagia mvinyo mweupe wakati wa kuoka, na hupaka *banha*, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Wali wao wa oveni nao huwa na soseji za nguruwe. Mama mkwe akijitolea kukusaidia jikoni, mweleze mapema kwa upole. Wala usikubali ile hoja kwamba kileo chote hupotea kwa moto, kwa sababu hata mchuzi uliochemka saa nzima hubaki na kiasi. Nyama inunue kwenye bucha la halali, wote mle sufuria moja. Kinywaji chake kiwe juisi ya ukwaju, nzito, yenye sukari kidogo tu. Ukwaju una uchachu wa kukata mafuta ya mbuzi sawasawa na mvinyo, na nakuhakikishia kuna wakwe watakaoomba kuuonja.

Hesabu nayo iangalie. Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi sita ndogo. Wanywaji ni saba, kwa hiyo chupa ya baba mkwe pekee haitatosha kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nunua mbili nyingine za kuanzia, laini zaidi. Hapo ningechagua ya Alentejo, ambako jua la tambarare hutoa mvinyo mlaini, ulioiva, usio na makali. Utapita vizuri na zeituni, mkate na jibini kabla ya chakula. Usinunue mvinyo wa Bairrada kwa siku hiyo. Nakuambia hivyo ingawa mimi binafsi naipenda kupita kiasi, kwa sababu zabibu yao, Baga, ina uchachu na ukakasi kuishinda hata Douro. Iliyozeeka ni ya ajabu, iliyo changa itakurudisha kwenye ile jioni ya televisheni. Jagi la Douro lifike mezani pamoja na mbuzi, dakika ileile.

Tamu zikija, tinto iondoke. Wenyeji wataleta *folar*, mkate wa Pasaka, au *pão de ló*, keki laini ya mayai, na wewe una kashata za karanga. Kwa hizo tafuta mvinyo wa Porto aina ya *tawny* ya miaka 10, inayouzwa ng'ambo tu ya mto pale Gaia, uitie kwenye friji saa moja. Imekaa kwenye pipa mpaka wekundu wake umefifia, na ladha yake imekuwa ya karanga na sukari iliyoungua. Kashata ya Lushoto na *tawny* ni mkutano ambao sijaona mfano wake popote kwenye vitabu vya mvinyo. Na hapo ndipo ladha uliyoizoea kwenye dompo itakapokukuta tena, mahali pake.

Glasi ya kwanza kutoka kwenye jagi mpe baba mkwe, umwombe aonje yeye kwa niaba ya wote. Usimwambie "mtamu", maana kwao ni kama kusema umetiwa sukari. Mwambie *encorpado*, wenye mwili, kisha umuulize shamba liko upande gani wa mlima na lilipandwa na nani. Utakaobaki, kama utabaki, urudishe kwenye chupa, uizibe, uiweke kwenye friji. Jumatatu utoe mapema upate joto, na ule na kipande cha mbuzi baridi na chumvi pembeni, wewe na mumeo, televisheni ikiwa imezimwa.